Skrini ya fosfori: bendi za fosforasi-32 zimetanda, usuli mweusi

Swali
Wakuu, habari. Nina jeli ya akrilamaidi 8%, unene mm 1, RNA ikiwa na alama ya fosforasi-32 (atomi yenye mionzi). Niliifunga kwa nailoni ikiwa bado mbichi, nikailaza kwenye skrini ya fosfori (sahani inayonasa picha ya mionzi, kisha husomwa kwa skana) usiku kucha. Bendi zimetanda kama wino kwenye karatasi iliyolowa, usuli ni mweusi, na pembeni kuna kivuli cha bendi zisizo zangu. Nahitaji kupima ukali wa bendi. Nirekebishe nini?

Jibu 1
Kivuli ni mabaki ya picha ya aliyetangulia. Fuwele za skrini hutunza nishati ya mionzi mpaka leza nyekundu iitoe kama mwanga wa buluu, lakini leza haimalizi yote. Ifute kwa mwanga mweupe dakika 15 hadi 20 kabla tu ya kuitumia, hata kama ilifutwa wiki iliyopita: ikikaa kabatini hujazwa na mionzi ya mazingira, na usuli wako unachangiwa na hiyo. Iskani tupu, alama zikibaki, futa tena.

Jeli nayo ikaushe. Ikiwa mbichi, RNA huendelea kusambaa ndani yake, na chembe za beta (mionzi ya fosforasi-32) hutoka kila upande, hivyo kila milimita kati ya bendi na skrini huipanua picha. Kata kwanza sehemu ya chini yenye nyukleotidi huru (vipande vyenye mionzi visivyoungana na RNA), la sivyo itang'aa kuliko bendi zote. Ilaze kwenye karatasi nene ya chujio, funika kwa nailoni, kausha kwa nyuzi 80 chini ya ombwe, saa 1 hadi 2. Ombwe likifunguliwa mapema, jeli hupasuka vipande vipande, na hapo hakuna wa kuiunganisha.

Jibu 2
Kaseti iweke friza ya −80, ishara itapanda.

Jibu 3
Hapana, hiyo ni ya filamu ya eksirei yenye skrini ya kuongeza mwanga. Kwa skrini ya fosfori joto la chumba linatosha. Unyevu wa friza utaiharibu.

Kwa vipimo, dondoshea kwenye kipande cha chujio mfululizo wa sampuli iliyozimuliwa, ukiweke pamoja na jeli. Toa usuli kwa kisanduku cha ukubwa uleule kwenye njia tupu (safu ya jeli isiyo na sampuli). Pima faili asili ya skana, kamwe si JPEG.

Muuliza swali
Na salfa-35?

Jibu 3
Kausha, kisha ondoa nailoni: beta za salfa-35 ni dhaifu, nailoni inazizuia. Tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) inadai skrini isiyo na tabaka la kinga, nayo haisafishiki ikichafuka.