Salsa: nilipie masomo ya peke yangu au nibaki na darasa la kundi?

kijana_wa_kurasini
Habari zenu wakuu. Najifunza salsa, ile ya kuanzia hesabu ya 1 kati ya nane, upande wa kuongoza. Huu ni mwezi wa nne, darasa la kundi mara moja kwa wiki. Stepu ya msingi, kumzungusha mwenza kulia na krosi bodi (ile ya kumpisha mwenza avuke mbele yangu kwenda upande wa pili) nimeshafundishwa. Wimbo ukiwa wa kasi, au mwenza akiwa mgeni kwangu, krosi bodi inakwama katikati, na wengine wanasema mkono wangu unavuta. Saa moja ya peke yangu na mwalimu ni sawa na bei ya madarasa matano ya kundi. Nilipe sasa au nisubiri? Nikilipa, niombe nini?

bi_stepu
Mkuu, hapo una mambo mawili na usiyachanganye, maana moja halihitaji kulipiwa.

La kwanza ni kasi. Tafuta wimbo wa midundo 160 kwa dakika, mwingine wa 180, mwingine wa 200. Cheza stepu ya msingi peke yako, bila mwenza, dakika tatu kila wimbo. Ukipotea kwenye hesabu, tatizo ni sikio, na dawa yake ni dakika kumi kila siku nyumbani kwa wiki mbili. Wimbo ukifika kwenye kiitikio na kuchangamka, sikiliza kengele: mapigo yake mazito yanaangukia 1, 3, 5 na 7. Kwenye ngoma ya konga, yale mapigo mawili ya wazi yanayofuatana huanzia kwenye 4, na tena kwenye 8, yaani pale pale unapopumzisha mguu. Waliokulia kwenye rumba na muziki wa dansi huwa na sikio zuri sana, ila mazoea ya kuyumbisha uzito kila mdundo huwafanya wasitulie kwenye 4 na 8. Kumlipa mtu akuhesabie moja-mbili-tatu saa nzima ni kupoteza fedha.

La pili ni krosi bodi yenyewe, na hapa ndipo somo la peke yako lina thamani. Hesabu ya 1 mguu wa kushoto unakwenda mbele, 2 uzito unarudi kulia, 3 mguu wa kushoto unatoka pembeni huku mwili ukifunguka robo mzunguko kwenda kushoto, ili njia ya mwenza ibaki tupu. Kwenye 5, 6, 7 anapita. Ikikwama, mara nyingi chanzo ni 3: hujatoka njiani, yeye hana pa kupita, basi mkono unaanza kuvuta ili kufidia kazi ambayo miguu haikufanya. Sababu nyingine ni uzito kubaki kwenye miguu yote miwili mwishoni mwa 3, kwa hiyo 5 inachelewa. Ya tatu ni kumwongoza kwa mkono wa kushoto peke yake wakati kiganja cha kulia kipo mgongoni pake, kwenye bapa la bega, na hakisemi kitu. Kwa mwenza aliyekuwa njiani zote tatu zinafanana, yeye anahisi kuvutwa tu. Darasani penye jozi kumi na mbili mwalimu anakuona sekunde chache kila raundi, hawezi kuzitenganisha. Akikushika mikono mwenyewe, nyimbo mbili zinamtosha.

mzee_wa_tempo
Nakubaliana na dada hapo juu, ila nina tahadhari. Mwalimu mzuri anayecheza upande wa kufuata huziba makosa yako bila hata kukusudia, kwa sababu anajua kinachokuja. Utatoka hapo unaona krosi bodi imepona, halafu ukumbini inakwama tena. Mwambie wazi tangu mwanzo: "Usinisaidie. Ukikosa ishara, simama."

Kabla ya kulipa, waulize wenza watano swali moja tu: mkono unavuta kwenye hesabu ya ngapi? Wakitaja hesabu moja, kosa ni lako na tayari una mada ya somo. Kila mmoja akitaja yake, huenda fremu yako (mkao wa mikono na mabega unapomshika mwenza) inabadilika kulingana na urefu au uzito wa mkono wa mwenza, na hilo linatibiwa na darasa la kundi lenye kubadilishana wenza kuliko mwalimu mmoja. Kwa hiyo darasa la kundi usiliache hata ukianza kulipia ya peke yako.

nuru_anayefuata
Kwa wanaofuata wanaosoma uzi huu, kipimo ni tofauti kidogo. Kosa letu kubwa ni kuwahi: mkono wa mwenza ukipanda tu, tumeshageuka kwenye 4 badala ya kusubiri 5. La pili ni kumbana vidole kwa kidole gumba wakati wa kuzunguka, bega linavutika. Kwa haya mtafute mwalimu anayeongoza, amwage ishara bila kufuata mpangilio wowote, mpaka uache kubashiri. Mwalimu anayekuonyesha urembo wa mikono peke yake hatakutibu hapa.

bi_stepu
Ahsante Nuru, hilo la kubashiri ni kweli kabisa.

Kuhusu saa yenyewe: cheza naye nyimbo mbili bila maneno, kisha achague kosa MOJA. Mkifanyia kazi makosa matatu, wiki ijayo hutakuwa umerekebisha hata moja. Dakika tano za mwisho rekodi video ya mwalimu akifanya zoezi polepole, kisha wewe, huku akitaja kwa sauti unachopaswa kuhisi. Somo la pili lisiwe kabla ya wiki mbili. Ulizeni mapema: kodi ya ukumbi imo kwenye bei? Ukichelewa dakika kumi, zinakatwa? Mnaweza kulipia wawili mkagawana? Kugawana kunafaa mkiwa kiwango kimoja.

kijana_wa_kurasini
Shukrani sana. Kwenye 180 sipotei, kwenye 200 napotea. Wenza wanne kati ya watano wametaja hesabu ya 5.

mzee_wa_tempo
Basi lipa somo moja, na umpelekee hiyo 5 kama ilivyo. Hiyo 200 fanyia kazi nyumbani.

Kwa sasa bandika mkanda wa gundi sakafuni, mita mbili, usimame juu yake ukitazama upande unaoelekea. Cheza 1, 2, 3 halafu ugande. Tazama chini: mguu wa kushoto uwe nje ya mkanda na umebeba uzito wote, kiasi cha kuweza kuinua wa kulia bila kuyumba. Ukiyumba, hapo ndipo 5 yako inapochelewa. Mara ishirini kila jioni bila muziki, kisha na wimbo wa 160.