GPS ya mkononi na ramani ya karatasi, au simu inatosha? Tunakwenda Lupanga

Mtembezi wa Tabata

Wakuu, salamu. Tuna kikundi cha matembezi hapa Dar. Tumezoea vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, sasa tumeamua kupanda Lupanga kule Uluguru, mita 2,138. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Morogoro imekuwa jirani. Mwongozo tutamchukua na kibali cha hifadhi tutakata, hilo halina mjadala.

Mjadala ni vifaa. Wengine wanasema simu yenye ramani za nje ya mtandao inatosha. Wengine wanataka tununue GPS ya mkononi (kuna mtu anauza Garmin eTrex 10 ya mtumba) na tuitumie pamoja na karatasi ya 1:50,000 (sentimita moja ni nusu kilomita). Na yupo mmoja anasema karatasi na dira tu, hayo mengine mbwembwe. Mliopita huko mnasemaje?

Kijana wa Ubungo

Mkuu, okoa hela yako. Simu inatosha. Watu wanadhani GPS ya simu inakula bando, si kweli. Inapokea mawimbi ya setelaiti moja kwa moja, hata ukiwa huna laini. Pakua Organic Maps au OsmAnd ukiwa nyumbani, shusha ramani ya Tanzania, ukifika weka simu kwenye hali ya ndege. Chaji inakaa sana, kwa sababu kinachoimaliza porini ni simu kuhangaika kutafuta mnara.

Na skrini ya eTrex 10 ni ndogo, haina rangi, ramani iliyomo ni ya msingi kabisa. Utaona kimshale na mstari wa ulikopita, basi.

Dada wa Kimara

Kijana, yote uliyosema ni kweli mpaka mvua inyeshe. Uluguru inakusanya mawingu ya bahari, hata kiangazi unaweza kulowa. Skrini ya kugusa ikishika matone inajibonyeza yenyewe, ramani inakimbia, inakuza, inapunguza. GPS ya mkononi ina vitufe, na hiyo eTrex 10 inatumia betri mbili ndogo za AA. Kitabu chake kinasema saa 25. Hata ukipata nusu yake, siku imekwisha, na betri za akiba unaziweka mfukoni.

Ila mimi sinunui GPS ili niangalie ramani kwenye kioo chake. Naitaka inipe namba mbili tu, halafu naziangalia kwenye karatasi. Karatasi moja ya 1:50,000 inabeba dakika 15 kwa 15 za latitudo na longitudo, yaani karibu kilomita 28 kila upande. Unaona mlima mzima, mji, mito na migongo yote kwa mara moja. Kwenye kioo cha simu ukikuza uone njia, unapoteza mlima. Ukipunguza uone mlima, njia imepotea.

Mpimaji Mstaafu

Vijana, hamjambo. Mnabishana kifaa gani, na hakuna aliyegusa jambo litakalowapoteza kweli: datamu, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake.

Ramani zetu za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, gridi ya UTM (miraba inayohesabiwa kwa mita). GPS, iwe ya simu au ya mkononi, inatoka kiwandani ikisoma datamu nyingine, WGS84. Mahali ni palepale, namba ni tofauti. Kwa upande wetu huu tofauti ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Ukichukua namba za WGS84 ukazipachika kwenye karatasi kama zilivyo, alama yako itaangukia kusini ya pale uliposimama kwa mita 300. Kwenye karatasi hizo ni milimita sita. Kwenye mteremko wa Uluguru ni mgongo mwingine na korongo lingine.

Dawa ni rahisi. Kwenye GPS ya mkononi ingia kwenye mipangilio, sehemu ya muundo wa nafasi: chagua UTM, na kwenye datamu chagua Arc 1960. Kisha soma pembezoni mwa karatasi uhakikishe imeandikwa hivyo hivyo, maana ndiyo yenye neno la mwisho. Mkiazima GPS kwa mtu, kagueni hilo kabla ya jambo lolote.

Kusoma namba: mkiona 37 M 0357400 na 9240600, ile 37 M ni kanda. Kwenye namba ya kwanza tafuteni 57, kwenye ya pili 40. Hizo ndizo namba kubwa zilizochapwa kwenye mistari ya gridi. Mko ndani ya mraba huo wa kilomita moja, ambao kwenye karatasi ni sentimita mbili. Kutoka kona ya chini kushoto, nendeni sehemu nne za kumi kuelekea mashariki, sita kuelekea kaskazini. Kateni kipande cha kadi ngumu, kipigeni alama za milimita mbili mbili, kitawapimia ndani ya mraba bila kukisia.

Kijana wa Ubungo

Shikamoo mzee. Hiyo ya mita 300 imenishtua. Lakini sasa simu si inaweza kuonyesha UTM pia?

Mpimaji Mstaafu

Marahaba. Inaweza, ila programu nyingi za simu zitakupa UTM ya WGS84 peke yake. Basi fanya hesabu: kwenye namba ya kaskazini ongeza 300, kwenye namba ya mashariki toa 90. Si hesabu ya kupimia mpaka wa kiwanja, ila kwa karatasi ya 1:50,000 inatosha kabisa. Iandike kwa kalamu pembeni ya ramani ili hata aliyechoka aione.

Mkwea Ngazi

Mimi ndiye wa karatasi na dira, na sijaitwa kwa jina lakini nimejijua 😄 Babu zetu walipita huko bila betri. Mchepuko wa sumaku, yaani tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli, kwetu ni nyuzi chache tu, dira haihitaji marekebisho makubwa. Ukijua kusoma kontua, ile mistari ya mwinuko, unakwenda popote.

Dada wa Kimara

Kaka, babu zetu walizaliwa huko, walikuwa hawaulizi njia! Dira ni nzuri ukiwa unaona mbali: unapima uelekeo wa kilele hiki na kile, unachora mistari miwili, unajua ulipo. Sasa ukishaingia msituni kuelekea Lupanga, ukungu umeshuka, unapima uelekeo wa nini? Wa mti? Hapo ndipo GPS inapostahili bei yake. Inakwambia upo mraba fulani. Haikwambii kama mbele kuna genge au kijito, hilo unaambiwa na kontua.

Kwa hiyo kwangu haya si mashindano. Mimi ninapanga safari yote kwenye karatasi nyumbani: njia panda, mahali pa kuvuka mto, mgongo unapoanza kusimama. Namba zake naziingiza kwenye GPS kama vituo. Njiani nasoma karatasi, kila tukipumzika nawasha GPS, nalinganisha, naweka nukta kwa penseli na saa. Ikizima saa yoyote, nukta ya mwisho ipo na nimejua tulikuwa tunatembea kwa mwendo gani.

Tena wewe Kijana, ramani za OpenStreetMap, zilizomo kwenye programu zako hizo, kwa Dar ni nzuri mno, mradi wa Ramani Huria ulifanya kazi kubwa tangu 2015. Milimani njia inakuwepo ikiwa kuna aliyepita akaichora. Na za karatasi nazo ni za zamani, barabara na nyumba usiziamini. Mito na migongo haijahama.

Kijana wa Ubungo

Nimeelewa. Ila bado nasema kwa Pugu simu tosha.

Dada wa Kimara

Kwa Pugu sibishani.

Fundi Betri

Nyongeza kwa mnunuzi. GPS ya mtumba iwashe nje, penye anga wazi, si ndani ya duka Kariakoo. Kama ilikaa muda mrefu imezimwa, ipe dakika kadhaa, inapokea upya taarifa za setelaiti. Angalia na tarehe inayoonyesha. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani tangu hapo vinaonyesha tarehe ya miaka ya nyuma sana. Fungua mlango wa betri uangalie kutu. Ukitumia betri za kuchaji, badilisha aina ya betri kwenye mipangilio, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Na mtu akikushawishi uongeze hela upate yenye kipimo cha hewa cha mwinuko: ni kizuri, kwa sababu ukijua mwinuko unajua upo kontua ipi. Ila huku kwetu tropiki mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka kila siku. Toka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kinaweza kukwambia umepanda mita 20 au 30 na wewe umekaa unakula chapati. Kirekebishe kila ufikapo mahali ambapo mwinuko wake umeandikwa kwenye ramani.

Mtembezi wa Tabata

Asanteni sana. Tunachukua eTrex ikipita huo ukaguzi, na karatasi ya Morogoro. Simu moja itabaki imezimwa kwenye begi kama akiba. Wiki ijayo tunakwenda kujaribu Pugu kwanza, mzee, tuone kama nukta zetu zinaangukia mahali pake. Swali la mwisho: karatasi tuipige lamineti steshenari?

Mpimaji Mstaafu

Msiipige. Haitakunjika vizuri na penseli haitaandika. Toeni nakala ya eneo mnalolihitaji kwa ukubwa uleule, asilia ibaki nyumbani. Mwenye mashine mwambieni asipunguze hata asilimia moja, halafu pimeni mraba kwa rula: ukiwa si sentimita mbili, rudisheni. Nakala iingie kwenye mfuko wa ramani ulio angavu.

Mkwea Ngazi

Na msitafute rambo, zilipigwa marufuku 2019. Dira yangu naileta, mtake msitake.

Mtembezi wa Tabata

Ilete kaka. Tukutane stesheni.