Naomba ushauri: kuingia jahazini kama baharia mwanagenzi katika likizo ya Agosti

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam alaikum na hamjambo nyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na kwa muda mrefu nimetamani kusafiri kwa tanga nikiwa na kazi mkononi, kwa maana zile safari za jioni za watalii, za kukalia mito na kupigwa picha, hazinivutii. Nimepata habari za jahazi moja linalochukua wageni wachache kwa safari ya siku tano kutoka hapa hadi Lamu. Mgeni hulipia nafasi na chakula, kisha hupangiwa zamu pamoja na mabaharia: hutweka tanga, hufua maji yanayoingia chomboni, hupika akiambiwa apike, na usiku hulala sitahani. Safari imepangwa mwezi wa Agosti, wakati shule zimefungwa, na huo ndio wakati wangu wa pekee wa kupumua.

Sijawahi kupanda chombo cha tanga. Bahari yangu ni feri ya Likoni, na kuogelea kwangu ni kwa ufukwe wa Nyali, mahali ambapo miguu inagusa chini. Naomba kujua mambo matatu. Je, mtu asiyejua lolote anaweza kuwa na faida chomboni, au atakuwa mzigo wa kuwazuia wenzake? Je, mwanamke anayesafiri peke yake afanye vipi kuhusu choo na malazi? Tatu, ami yangu aliyefanya kazi Bandari ya Kale aliposikia neno Agosti alitikisa kichwa na kusema ningoje kaskazi, lakini hakunieleza sababu, nami sikutaka kumhoji mbele ya watu.

Mzee wa Bandari ya Kale

Wa alaikum salaam, mwanangu. Ami yako amesema jambo la maana, na kwa kuwa hakulifafanua, niruhusu nimsaidie.

Kabla hujauliza habari za chombo, uliza habari za upepo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, huvuma kuanzia Disemba hivi hadi Machi, na kwa kawaida ni upepo wa kiasi, wenye mbingu safi na bahari inayozoeleka. Kusi, upepo utokao kusini, huingia mwezi wa Aprili, na nguvu zake zote huzionyesha kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo upepo wa kusi na mkondo wa bahari vyote huelekea upande wa Lamu, kwa hiyo mwenye jahazi hakukudanganya: chombo kitakwenda, tena kwa kasi. Taabu iko katika mawimbi. Nje ya miamba, jahazi linalosukumwa kutoka tezini, yaani nyuma, na bahari ya kusi hulala upande huu na kuamkia upande ule mchana kutwa, na msukani akiacha kana, ule mkono wa usukani, kwa kitambo kidogo tu, upepo unaweza kulishika tanga kwa nyuma na kulipiga kwenye mlingoti. Mabaharia waliozaliwa katika kazi hiyo huimudu. Mwanagenzi hushinda amejishikilia asianguke, na kujifunza humpita.

Uliza pia habari za kurudi, kwa sababu siku tano hizo huenda zikawa za kwenda tu. Kutoka Lamu kuja Mombasa kwa tanga mwezi wa Agosti ni kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata huku na huku, dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, na sidhani kuna nahodha atakayewapeleka wageni katika adha hiyo. Ama mtarudi kwa mashine, ama utapandishwa basi.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Mwanagenzi ana faida, na sababu yake ni foramali. Ule mti mrefu unaobeba tanga ni mzito, hasa tanga likiwa limelowa, nao hupandishwa kwa kamba ya henza na mikono ya watu. Mikono haizidi. Utawekwa mwisho wa msururu, nyuma ya watu wazima wa kazi, na amri utakazopewa zitakuwa mbili tatu tu: vuta, shika, legeza. Vuta pamoja na wimbo, kwa kuwa anayevuta nje ya wimbo huwachosha wenziwe bila kupandisha kitu. Wakishakuamini watakupa demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, na hapo ndipo utakapoanza kuuhisi upepo kwa viganja, kwa sababu kila unapokaza au kulegeza utaona chombo kinabadili mwendo.

Yako mambo ambayo hutasubiri kufundishwa ukiwa baharini. Usiizungushe kamba mkononi hata siku moja, hata kama imekushinda nguvu. Ikikukimbia, iachie, kwa sababu nailoni inayokimbia huchuna kiganja mpaka nyama. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani. Na saa ya kugeuza, fahamu kwamba jahazi la kwetu haligeuzi omo, yaani sehemu yake ya mbele, kukata upepo kama mashua za Wazungu: huzunguka kwa kuupa upepo tezi, demani huachiwa, foramali husimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na kwa muda huo tanga zima huwa limepagawa. Kaa upande wa goshini, unakotoka upepo, karibu na tezi, wala usitafute la kufanya mpaka uitwe kwa jina. Nahodha humpenda mgeni anayejua kukaa mahali pamoja zaidi ya mgeni mwenye bidii ya kurukaruka.

Mama Mtwapa

Dada Mwalimu, la pili nijibu mimi, kwa kuwa Mzee amelikwepa kwa adabu.

Usikubali kuambiwa “choo kipo”. Nenda chomboni mchana, ukione kwa macho. Baadhi ya majahazi yanayochukua wageni yamejengewa chumba kidogo chenye mlango, na mengine yana sanduku la mbao lililoning’inizwa nje ya tezi kwa mtindo wa zamani, ambalo kwa bahari ya kusi mimi nisingempendekezea hata mgomvi wangu. Uliza kama kuna mwanamke mwingine aliyeandikisha nafasi. Kama hakuna, mweleze nahodha wazi kwamba ungependa kulala upande wa tezi karibu na msukani wa zamu, mahali ambapo daima pana mtu aliye macho. Nahodha mwenye heshima zake atakuwa amekwisha kulifikiria hilo kabla hujatamka.

Dera na buibui la mikono mipana ni hatari karibu na kamba; vaa suruali nyepesi na shati la mikono mirefu, kisha kanga ya kujitanda na ya kujifunika usiku, maana umande wa bahari hulowesha. Miguu iwe mitupu, kwa sababu ndala huteleza kwenye mbao zilizolowa.

Kuhusu kuchafukwa na moyo, wala usijione mnyonge, kwani huwapata hata wenyeji wa pwani. Kula kidogo kidogo, tafuna tangawizi, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na usishuke chini ngamani, tumboni mwa chombo, ambako harufu ya maji yaliyotuama na ya sifa, yale mafuta ya papa, humaliza hata walio wazima. Ukitaka vidonge, mwulize mfamasia mapema, kwa kuwa vingi huleta usingizi na hufanya kazi vikinywewa kabla ya kuondoka. Na moyo ukikushinda, tapikia upande wa demani, unakokwenda upepo. Ukitapikia goshini, upepo utawagawia wote.

Mpenda Mashua, Changamwe

Nawaheshimu waliotangulia, ila sikubaliani kwamba Agosti yote ni ya kutupwa. Bahari ya nje ni jambo moja, na maji ya ndani ya visiwa ni jambo jingine. Kwa nini Mwalimu asipande basi hadi Lamu na kufanya uanagenzi wake huko huko, katika mlango ulio kati ya Lamu na Manda, ambako nchi kavu na miamba huzuia sehemu kubwa ya mawimbi ya kusi ilhali upepo bado upo wa kutosha?

Huko kazi hufanywa kwa mashua, chombo kidogo kuliko jahazi, na mwanagenzi huona haraka matokeo ya anachokifanya. Mashua za Lamu hubeba mifuko ya mchanga iwe uzito wa kuzisawazisha. Kila chombo kinapogeuka, mifuko hiyo huhamishwa kwa mkono hadi upande unakotoka upepo, na mgeni ndiye huambiwa kwanza, “Shika huo.” Kwa njia ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, atageuza mara nyingi sana na kuhamisha mchanga mara hizo hizo, na jioni mgongo utamkumbusha. Huko huko ataona vyombo vikiundwa ufuoni, mataruma, yaani mbavu za chombo, yakichongwa kutoka kwenye matawi yenye mkunjo wa asili ili mti usikatwe kinyume cha nyuzi zake. Wakitaka kuzunguka Manda kwa ndani watapita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, ambao hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa; kwa hiyo atajifunza pia kwamba saa ya kuondoka hupangwa na maji, na saa ya mkononi haina neno.

Jambo la usalama nalisema kwa wote. Omba kuonyeshwa cheti cha ukaguzi wa chombo na leseni ya nahodha, vitu ambavyo viko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na uhesabu majaketi ya kuokolea maisha mwenyewe: liwe moja kwa kila mtu, lenye kukutosha, likiwa juu sitahani na wala si limefungiwa stoo chini ya magunia. Nimewahi kuonyeshwa majaketi mapya kabisa, bado yamo katika karatasi za dukani, yamefungwa kwa kamba ambayo hakuna angeifungua kwa dakika moja. Kwa kuwa kuogelea kwako ni kwa kugusa chini, wewe livae tangu nanga inapong’olewa, hata kama mabaharia hawalivai.

Mwalimu wa Kisauni

Ahsanteni sana nyote. Mama Mtwapa, nimecheka peke yangu katika chumba cha walimu. Sasa nimeelewa alichokikusudia ami. Nafikiri niiache safari ya Agosti na kuahirisha hadi likizo ya Disemba, nipande jahazi lile lile kutoka Mombasa hadi Lamu upepo ukiwa wa kaskazi. Mzee, katika miezi hii ya kungoja, kuna jambo ninaloweza kujifunza hapa hapa Mombasa?

Mzee wa Bandari ya Kale

Hapo ngoja kidogo, mwanangu. Umebadili msimu lakini hujabadili njia. Kaskazi inatoka huko huko unakotaka kwenda, na ukitoka Mombasa mwezi wa Disemba kuelekea Lamu utakuwa unabisha njia nzima, au utasikia mashine ikinguruma siku zote tano na tanga limefungwa. Mwombe mwenye jahazi safari iwe ya kuteremka: wewe panda basi hadi Mokowe, uvuke kwa boti hadi Lamu, uingie chomboni huko, mje na upepo mgongoni mpaka hapa. Wazee wetu walikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi kwa sababu hiyo hiyo. Tena ombea likizo ielekee mwisho wa Disemba, kwa kuwa mwanzoni mwa mwezi upepo wakati mwingine haujatulia.

Kuhusu kujifunza hapa, siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, tembea kwenye fuo ambako vyombo hulazwa ubavu. Utawakuta watu wakikwangua chaza na mwani, wakikalafati, yaani wakiziba nafasi za mbao, kwa pamba, wakipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Salimia, omba kusaidia, nao watakupa kikwangio bila maswali mengi. Ukishakisugua chombo kwa chini utakifahamu zaidi ya anayekitazama kwa juu, na watu hao hao ndio watakaokupakia siku moja kwenye mashua ndani ya mkondo wa Mtwapa au wa Tudor, kwenye maji matulivu, uishike demani kwa mara ya kwanza bila wasiwasi. Mafundo nayo jifunze nyumbani kwa kipande cha kamba: la kufungia kwenye nguzo, la kuunganisha kamba mbili, na la kitanzi kisichokaza. Yafanye mpaka uyaweze gizani, maana zamu nyingine huwa za usiku. Na kuogelea, mwanangu, usikuache kwenye kugusa chini.

Mama Mtwapa

Nyongeza moja kuhusu fedha. Nafasi za mwisho wa Disemba huchukuliwa mapema, kwa sababu watu wa bara wote huteremka pwani, kwa hiyo utatakiwa kutoa arubuni pengine tangu Septemba. Kabla ya kutuma hata shilingi, pata kwa maandishi kwamba upepo ukikataa na nahodha akaamua chombo kisitoke, fedha zako zitarudi au tarehe itasogezwa. Asiyekubali kuandika hivyo atashawishika kuondoka siku ambayo hakupasa kuondoka.

Mwalimu wa Kisauni

Nimempigia mwenye jahazi mchana huu. Amesema kwamba mwezi wa Disemba wao huwa Lamu kwa vyovyote, na safari ya kuteremka ipo, ila haitangazwi sana kwa kuwa wageni wengi hutaka kuanzia Mombasa. Kuhusu arubuni amekubali kuandika. Choo nitakwenda kukiona Jumamosi, na ami amesema tutakwenda pamoja.