Goli la pointi mbili kwenye netiboli ya Australia: libaki au liondolewe?

MLETA MADA

Habari zenu wapenzi wa netiboli. Kila msimu wa Super Netball ya Australia ukimalizika, hoja hii hurudi palepale, na kila mara inaishia njiani. Naomba safari hii tuizungumze mpaka tuelewane, au tujue hasa tunapotofautiana.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Goli la pointi mbili, lile wanaloliita "super shot", halina haki jinsi lilivyowekwa. Liondolewe, au kama wanalipenda sana basi lihesabiwe kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hili la kulifungulia mlango dakika tano tu kila robo ndilo linalonikera.

Kwa asiyeifuatilia ligi hiyo: duara la kufungia linaishia mita 4.9 kutoka kwenye nguzo. Wenyewe wakachora mstari wa pili kwa ndani, mita 3 kutoka nguzoni. Ikifika dakika ya 10 ya robo, mfungaji akirusha akiwa kati ya ile mistari miwili na mpira ukaingia, timu inaandikiwa pointi mbili. Robo ni dakika 15, mchezo una robo nne. Maana yake ni kwamba kwa dakika 40 goli ni goli, halafu kwa dakika 20 kuna magoli ya bei mbili tofauti.

Hebu tuutazame msimu wa Melbourne Vixens wa 2020, maana ndio wa kwanza kuchezwa kwa sheria hii na ndio unaonisumbua zaidi. Sheria ilitangazwa mwezi Juni, na ligi ilipangwa kuanza Agosti 1. Wachezaji walilalamika hadharani kwamba hawakuulizwa. Fikiria mfungaji aliyejifunza tangu akiwa mtoto kwamba kazi yake ni kusogea karibu na nguzo, anaambiwa wiki chache kabla ya msimu kuwa karibu si kuzuri tena kama mbali. Juu ya hapo ikaja korona. Melbourne ikafungwa, Vixens wakahama nyumbani kwao, na ligi yote ikachezewa Queensland. Kina dada wale waliishi mbali na familia zao msimu mzima, huku wakijifunza mchezo upya.

Na walicheza vizuri mno. Kocha Simone McKinnis alikuwa na wafungaji watatu wasiofanana: Mwai Kumwenda wa Malawi, anayeruka kama hajui uzito wa mwili wake, pamoja na Caitlin Thwaites na Tegan Philip. Msimu huohuo waliruhusu kubadilisha wachezaji bila kusimamisha mchezo, kwa hiyo kocha aliweza kumwingiza anayemtaka kwa ajili ya zile dakika tano na kumtoa zikiisha. Vixens wakaongoza msimamo wa ligi, wakafika fainali Brisbane mwezi Oktoba, wakawafunga West Coast Fever 66–64.

Sasa tazama hiyo tofauti. Pointi mbili. Goli moja la mbali. Mchezaji akifunga kutoka mita nne dakika ya 9, anaandikiwa moja. Akisimama palepale, mlinzi yuleyule mbele yake, akafunga dakika ya 11, anaandikiwa mbili. Ugumu wa mtupo haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni saa ukutani. Wangetuambia kwenye soka kwamba goli la nje ya eneo la hatari baada ya dakika ya 80 lihesabiwe mawili, nani angekubali?

Mimi sidai kwamba Vixens hawakustahili. Walikuwa wa kwanza kwenye msimamo, wangeweza kushinda kwa sheria yoyote. Ninachodai ni kwamba kombe likiwa linaamuliwa kwa tofauti ndogo hivyo, thamani ya goli isipangwe na saa.

Na upande wa pili wa fainali ile alikuwepo Jhaniele Fowler wa Jamaika, urefu wake karibu mita mbili. Mchezo wa Fever ulijengwa juu ya mpira wa juu: kiungo anauinua, Fowler anaudaka nyuma ya mlinzi, anageuka, anafunga. Watu husema ni rahisi kwa sababu ni mrefu. Si rahisi. Pasi ile ikipungua kidogo tu imeporwa, ikizidi imetoka nje. Watu saba wanafanya kazi ili mpira ufike chini ya pete, na kwa dakika 20 kazi hiyo inalipwa nusu ya mtupo wa mbali. Mnasemaje?

JIBU LA KWANZA, KOCHA WA SHULE YA SEKONDARI, MOROGORO

Mwanangu, umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Nimefundisha netiboli kwa wasichana tangu bado tunaiita mpira wa pete na watu wa soka wanatunyang'anya uwanja. Nakupinga.

Tuanze na fainali, kwa kuwa wewe ndiye uliyezileta. Super Netball ilianza 2017. Fainali ya mwaka ule Sunshine Coast Lightning waliwafunga Giants 65–48. Mwaka 2019 Swifts wakawafunga Lightning 64–47. Pointi 17 mara zote mbili! Mchezo umeshakwisha robo ya tatu, mtazamaji anaangalia tu muda uishe. Baada ya sheria hii kuja, tazama: 2020 tofauti ya mbili, 2021 Swifts waliwafunga Giants 63–59, 2023 Adelaide Thunderbirds wakawashinda Swifts 60–59 katika muda wa nyongeza, 2024 Thunderbirds wakawashinda Vixens 59–57, 2025 Vixens wakalipata kombe kwa kuwafunga Fever 59–58. Wewe unaita dhuluma, mimi naita mchezo. Timu iliyoachwa kwa pointi sita ikiingia dakika ya 10 bado inaamini, na aliyeongoza hawezi kulala.

La pili ni kimo. Wasichana wangu wengi ni wafupi. Kwa netiboli ya zamani, msichana wa futi tano na kitu mwenye shabaha ya kushangaza naambiwa nimpange pembeni agawe pasi, kwa sababu kwenye duara wanatakiwa warefu. Dakika tano hizi zinamwambia msichana huyo kwamba shabaha yake nayo ina bei. Wewe unamtetea Fowler, ambaye hakuna kocha duniani angemwacha nje. Mimi namtetea yule ambaye hajawahi kuitwa.

Na usisahau kwamba New Zealand na Uingereza, waliokaa pembeni miaka kadhaa wakiwatazama Waaustralia, nao wameingiza goli la pointi mbili kwenye ligi zao msimu wa 2025. Nchi tatu zenye ligi kubwa haziwezi kufuata kitu kwa kufuata tu.

JIBU LA PILI

Naomba niseme kwa niaba ya walinzi, maana hapa mnazungumza wafungaji na makocha tu. Nimecheza GK, yaani mlinzi wa mwisho anayelinda nguzo, kwenye timu ya wilaya. Sheria inanitaka nikae sentimita 90 kutoka mguu wa mfungaji, naye ana sekunde tatu za kurusha. Akiwa chini ya nguzo, mkono wangu una kazi, na hata akirusha nina nafasi ya kugombea mpira unaodunda kwenye pete. Akiwa mbali, mpira ukigonga pete unaruka upande wowote. Nikimfuata huko nje, nimeacha uwazi nyuma yangu na mpira wa juu unaingia. Nikibaki, anarusha kwa raha. Ni mtihani mgumu, lakini nakiri unanifanya nifikiri. Kabla ya hapo GK alikuwa mtu wa kusukumana mgongo tu.

Kitu kimoja lakini. Viwanja vyetu vingi viko nje, udongo mtupu na upepo. Mtupo wa mita nne na nusu ukumbini Melbourne, na mtupo huohuo saa kumi jioni Dodoma, havina uhusiano. Anayetaka kuileta sheria hii kwetu aanze kwa kutujengea paa.

MLETA MADA

Mwalimu, shikamoo. Nashukuru kwa kunijibu kwa takwimu, nami nitakujibu kwa hizohizo. Umeruka miaka miwili. Fainali ya 2018 Lightning waliwafunga Fever 62–59, tofauti ya tatu, na super shot ilikuwa haijazaliwa. Fainali ya 2022 Fever, wakiwa nyumbani kwao Perth, waliwafunga Vixens 70–59, tofauti ya 11, na super shot ilikuwepo. Kwa hiyo sheria haikuzuia kipigo wala kukosekana kwake hakukuzuia ushindani.

Na fainali zilizosisimua dunia zaidi ni zipi? Gold Coast 2018, Jumuiya ya Madola, England 52–51 Australia, Helen Housby anafunga sekunde za mwisho kabisa. Liverpool 2019, Kombe la Dunia, New Zealand 52–51 Australia. Zote kwa goli la pointi moja. Hakuna aliyelala.

Hao Thunderbirds waliobeba kombe 2023 na 2024 uliowataja walibebwa zaidi na ulinzi. Shamera Sterling alikuwa anapora mipira ambayo wengine hawaioni. Kwa maoni yangu, ushindani uliouona umetokana na ligi kukomaa na wachezaji bora wa Jamaika, England na Afrika kumiminika kule. Huyo Peace Proscovia wa Uganda alikuwa Lightning msimu huohuo wa 2020. Ukikusanya wachezaji wa namna hiyo timu nane, lazima matokeo yakaribiane.

Kuhusu wasichana wafupi, hapo umenigusa na sina la kubisha juu ya haki yao. Lakini mbona basi wanapewa theluthi moja tu ya mchezo? Kama shabaha ya mbali ni kipaji, na mimi naamini ni kipaji, ilipwe dakika zote 60. Msichana wako asisubiri saa imfungulie. Ukimwambia thamani yake inaanza dakika ya 10 na kuisha dakika ya 15, unamfanya mchezaji wa akiba wa kudumu: anaingia, anatupa, anatoka.

Halafu timu ya taifa ya Australia ikienda Kombe la Dunia haiikuti sheria hii. Wachezaji wanatumia miezi wakizoea hesabu moja, kisha wanavaa jezi ya nchi na kurudia nyingine.

KOCHA

Marahaba mwanangu. Sasa umefika mahali ambapo mimi naogopa zaidi kukufuata.

Ukiifanya pointi mbili dakika zote 60, unajua nani anakosa kazi? Si Fowler, yeye ameshajijengea jina. Ni binti mrefu wa Kampala au Lilongwe ambaye sifa yake kubwa ni kukaa chini ya nguzo na kudaka mpira wa juu. Mary Cholhok wa Uganda ameng'ara kwenye klabu ya Loughborough Lightning ya Uingereza kwa mchezo huohuo. Hiyo ndiyo njia iliyowatoa mabinti zetu wa Afrika kwenda kulipwa kwa kucheza netiboli. Klabu ikigundua kwamba mtupo wa mbali unalipa mara mbili mchezo mzima, itatafuta watupaji wa mbali tu, na hao wanafundishwa kwenye kumbi zenye paa, kama alivyosema mwenzetu hapo juu. Sisi hatuna.

Kwa hiyo dakika 40 ni za mrefu, dakika 20 ni za mwenye shabaha. Ni mgawanyo wenye kasoro, lakini kila mmoja ana mahali pake.

Suala la kutowauliza wachezaji, hapo niko na wewe kabisa. Wanaobeba magoti mabovu hadi uzeeni ndio wa kwanza kuulizwa, kwenye ligi yoyote.

MLETA MADA

Mwalimu, hoja ya ajira ya mabinti zetu ni nzito na sikuwa nimeisikia kwa mtu yeyote kabla yako. Basi naondoa lile pendekezo la dakika 60 na kubaki na la kwanza: liondolewe. Goli moja, pointi moja, kwa mrefu na mfupi. Kimo cha wasichana wako kitatuliwe na makocha wenye moyo kama wako, wanaompanga GA (mfungaji wa pili) mfupi mwenye kasi na shabaha, sio na saa.

Dada yangu GK, ukirudi nisaidie jambo moja: ile robo ikifika dakika ya 10, kocha wako angekuagiza utoke nje kumfuata mfungaji, au ubaki nguzoni? Nataka kusikia kutoka kwa aliyesimama pale.