Koto zinashuka sauti katikati ya Rokudan, shakuhachi inapanda: tatizo liko wapi?

Sifa_Nagoya
Wakuu, salamu. Kikundi chetu cha mtaa kinafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa umma (kominkan). Tuna koto 4 (ala ya Kijapani ya nyuzi 13, kila uzi na daraja lake linalosogezwa), shamisen 1 (ala ya nyuzi 3) na shakuhachi 1 (filimbi ya mwanzi) ya shaku 1.8 (shaku ni kipimo cha urefu cha Kijapani). Tunaandaa Rokudan no Shirabe, wimbo wa dan (sehemu) sita. Nyuzi tunazipatanisha kwa mashine, noti ya A ikiwa hezi 442, na mwanzoni kila kitu kiko safi. Tukifika dan ya tatu, koto zinasikika chini ya shakuhachi, tena zenyewe kwa zenyewe hazipatani. Daraja la uzi wa 13 nalo huanguka. Na mwisho wa wimbo kila mtu ana mwendo wake. Tuanzie wapi?

mwanzi54
Anzeni na shakuhachi. Hilo ni bomba la sentimita 54.5; hewa iliyomo ikipata joto, sauti hupanda senti 3 hivi (senti 100 ni nusu toni) kwa kila digrii. Ukumbi ukiwa wa baridi, pumzi ikiongeza digrii 5 tu, mmeshaachana senti 15. Mpigaji apulize noti ya ro (D) kwa dakika tano kabla ya koto kuguswa, kisha koto zimfuate yeye, si mashine. Mwanzi usiwekwe karibu na hita, utapasuka. Tofauti ndogo inayobaki ataimaliza kwa kidevu: akikiinamisha sauti inashuka, akikiinua inapanda.

nyuzi_kumi_na_tatu
Naongezea upande wa koto. Mtu mmoja tu apatanishe koto ya kwanza kwa hirajoshi (mpangilio wa noti wa wimbo huu): uzi wa 1 uchukue D ya shakuhachi, wa 5 ulingane nao. Wa 2 ni G, wa 3 A, wa 4 B bemoli, wa 6 E bemoli. Zilizobaki hakikisha kwa oktava: 2-7-12, 3-8-13, 4-9, 5-10, 6-11. Koto nyingine zinakili hiyo ya kwanza, moja moja, wengine wakae kimya. Watu wanne wakipatanisha kwa pamoja, kila mmoja atasikia uzi wa jirani.

Kinachowaangusha katikati nadhani ni oshide (kubonyeza uzi). Ukibonyeza uzi kushoto kwa daraja, daraja hujivuta kushoto kidogo kidogo, urefu unaolia unaongezeka, sauti inashuka. Kwa hiyo mkishapatanisha, bonyezeni kila uzi kwa nguvu mara mbili, halafu pimeni tena. Miguu ya daraja inayoteleza ipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu.

Uzi wa 13 (kin) una daraja lake, mguu wake umechongwa tofauti kwa sababu linakaa pembezoni. Mara nyingi kwenye kufungasha hubadilishana na la kawaida. Kagueni hilo kwanza. Mvutano wa nyuzi msiuguse, hiyo ni kazi ya fundi.

Bibi_Kanuni
Samahani kuingilia: hizi si ndizo taishokoto tunazozisikia kwenye taarab ya Mombasa?

nyuzi_kumi_na_tatu
Hapana, dada. Taishogoto ilibuniwa huko huko Nagoya mwaka 1912: ina nyuzi za chuma na vitufe kama vya taipureta. Koto haina vitufe, na mpigaji huvaa kucha za kupigia (tsume) kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Sifa_Nagoya
Asanteni. Daraja la 13 kweli lilikuwa limebadilishwa. Vipi mwendo?

mwanzi54
Rokudan inatakiwa iongeze mwendo, msiogope hilo. Tatizo ni nani anaamua. Huu ni wimbo wa koto, basi koto ya kwanza iongoze kwa pumzi inayosikika kabla ya kila dan, na shamisen ifuate. Kila dan ina mapigo 104, ila ya kwanza ina 4 za ziada mwanzoni. Hapo ndipo zoezi zuri linapopatikana: ondoeni hizo 4, koto mbili zipige dan ya kwanza huku mbili zikipiga ya pili. Atakayekimbia ataumbuka papo hapo. Kasi ya dan ya kwanza iwe ya polepole kuliko mnavyodhani, la sivyo kwenye ya sita mtakosa pa kuongeza. Mapigo ya mwisho kabisa ya wimbo yapunguzwe taratibu, wote wakimtazama wa kwanza.