Mrejesho: projekta moja, shule nzima

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza nitumieje projekta kwenye mazoezi ya kufundisha huku Mbagala, shuleni hakuna intaneti. Mkanishauri nipakue kila kitu nyumbani. Nikapakua PhET, majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani; ni ya bure, yanafunguka bila bando. Jumanne nikaziba dirisha kwa kanga mbili, maana jua la saa nne lilikuwa linafuta picha yote ukutani. Binti mmoja wa nyuma, hajawahi kunyoosha mkono, akaja kwenye kompyuta akaunganisha betri, waya na balbu. Ilipowaka, darasa zima makofi! Umeme ukakatika, tukamalizia saketi ubaoni kwa chaki, na maswali hayakukoma. Asanteni sana.