Ushauri: Tunataka muuguzi wa zahanati afike shule ya kata mara mbili kwa mwezi, tuanzie wapi?

Kijana_wa_Chamwino
Habari za jioni wakuu. Tupo vijana 14 kwenye kata moja Wilaya ya Chamwino, kikundi kimesajiliwa halmashauri. Sekondari yetu ya kata ina wanafunzi 610, wasichana ni 330, na zahanati iko kilomita 7. Mwanafunzi akiumwa asubuhi anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na wengi wanapotea siku mbili tatu. Tunaomba chumba cha afya hapo shuleni na muuguzi awe anafika mara mbili kwa mwezi. Mkuu wa shule hajakataa, kasema tu "leteni kibali". Yupo mdau aliye tayari kununua kitanda na dawa za kuanzia. Kibali kinatoka kwa nani, na tuanze na lipi?

Mbuyu_Mkavu
Mdau asubirishwe kwanza, hasa kwenye dawa. Dawa za matibabu zinatunzwa zahanati, zenye rejesta na mtu anayewajibika nazo. Zikikaa kabatini kwa mwalimu zitaisha muda bila mtu kujua, au mtoto mwenye homa atapewa dawa ya malaria bila kupimwa, au antibayotiki ya siku moja badala ya dozi nzima. Likitokea tatizo hata moja, mlango mtakuwa mmeufunga kwa miaka.

Kibali: kuingia kwa wanafunzi ni suala la Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Sekondari. Muuguzi kutoka kituoni ni suala la DMO, yaani Mganga Mkuu wa Wilaya. Hizi ni idara mbili, na barua nyingi hufia hapo kwa sababu zimeandikwa upande mmoja tu. Andikeni barua moja kwa Mkurugenzi, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari, DMO na Mtendaji wa Kata. Ambatisheni muhtasari wa bodi ya shule unaoonyesha wamekubali, na muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Bila hiyo mihutasari mnaonekana wapita njia.

Ila kabla ya barua, pateni takwimu. Mwombeni mwalimu wa afya afungue daftari kwa wiki sita: tarehe, kidato, jinsia, tatizo, kafanyiwa nini, kakosa vipindi vingapi. Majina yasiwemo kabisa. Mkienda kwa DMO na ukurasa mmoja unaosema wiki sita wanafunzi wangapi waliondoka kwa homa, wangapi kwa maumivu ya hedhi, wangapi kwa macho, mnazungumza lugha anayoweza kuipangia bajeti. "Wanafunzi wanateseka" haipangiwi bajeti.

Sista_Manyoni
Naongezea upande wa zahanati, maana huko ndiko mambo haya hukwama baada ya barua kujibiwa vizuri.

Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu. Mkimtoa mmoja siku mbili kwa mwezi, foleni ya kina mama inabaki kwa nani? Kwa hiyo msiombe safari mpya. Ulizeni ratiba ya huduma ya mkoba ya chanjo: muuguzi tayari anakwenda kwenye vitongoji na usafiri umeshapangwa. Kliniki ya watoto ikiisha saa 7 au saa 8 mchana, anapitia shuleni akirudi, akae mpaka saa 10. Anzeni na mara moja kwa mwezi. Siku moja isiyokosekana inawafaa wanafunzi kuliko siku mbili za kubahatisha.

Fedha: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zinazochangwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya zahanati, yenye wananchi ndani yake, ndiyo inayopitisha mpango. Hiyo kamati ndiyo mlango wenu. Mpango wa mwaka unaofuata huandaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, kabla bajeti haijafika baraza la madiwani. Mkipeleka ombi Mei, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na ziara ya shule haimo, hata kama kila mtu anawapenda.

Muuguzi akifika shuleni asikae anangoja wagonjwa tu. Aangalie chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi: tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na kidato cha kwanza huwa wapo waliopitwa. Aangalie macho pia, maana mkoa wetu wa Dodoma unaijua vizuri trakoma, ugonjwa wa macho unaoenea kwa uchafu wa uso na mikono.

Fundi_Dumu
Kwenye macho, msisahau maji. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kwa kila choo: dumu la lita 5, tundu la msumari wa moto chini kidogo ya kifuniko, kamba, kanyagio la mti. Sabuni ya kipande huibiwa siku ya kwanza. Changanyeni vijiko vikubwa viwili vya sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu, toboeni kifuniko, ning'inizeni. Kanyagio hukatika kila baada ya wiki chache, kwa hiyo awepo mwanafunzi wa zamu mwenye kamba ya akiba. Na uso uoshwe pia, siyo mikono tu.

Ngoma_ya_Bahi
Kwa nini wasichukue mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ule wa wanawake, vijana na wenye ulemavu? Vijana wana fungu lao.

Mbuyu_Mkavu
Hapana ndugu. Ile asilimia 4 ya vijana ni mkopo wa shughuli ya kuzalisha, unarejeshwa. Chumba cha afya hakiuzi kitu. Kikundi kitadaiwa na shule itabaki na kitanda. Fedha ya mdau ipitie akaunti ya zahanati au ya shule kwa makubaliano ya kurasa mbili: nani anafanya nini, siku gani, vifaa ni mali ya nani mradi ukiisha.

Kijana_wa_Chamwino
Asanteni sana, mmetufumbua macho. Chumba tumeonyeshwa stoo ya mita 3 kwa 4, inatazama uwanja wa paredi. Kinafaa? Na vitu gani viwemo, ukiondoa dawa? Wasichana ndio wanaotuumiza kichwa zaidi, wengi hawasemi.

Sista_Manyoni
Ukubwa unatosha. Mlango ndio tatizo, mdogo wangu. Msichana hataingia chumba ambacho shule nzima inamwona akiingia. Hamishieni mlango upande wa nyuma, au jengeni ukuta mfupi wa kukinga mbele yake. Dirisha liwe juu na pazia nene.

Ndani: kitanda, meza, pipa la lita 60 lenye koki, glavu, gozi, bendeji, mkasi, iodini ya vidonda, kipimajoto cha kidijitali, pakiti za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji kwa anayeharisha) na pedi. Pedi ni za dharura. Kadirieni wasichana 10 kwa wiki, pedi mbili kila mmoja: 80 kwa mwezi, yaani pakiti 10 za pedi 8. Wawekeeni kindoo chenye mfuniko na kichomea taka. Zikitupwa chooni shimo linajaa upesi na halinyonyeki. Na pedi zigawiwe na matroni bila kuandika jina, maana daftari la majina ndilo linalowafukuza.

Msifanye kambi ya kupima VVU shuleni. Sheria ya UKIMWI iliyorekebishwa 2019 inamruhusu wa miaka 15 kuridhia kupimwa mwenyewe, lakini foleni ya uwanjani inafichua majibu hata kama hakuna anayeyasema. Wapelekwe zahanati kwa utaratibu wa kawaida. Akitokea mtoto mwenye dalili za ukatili, kikundi kisimhoji. Ni kazi ya Afisa Ustawi wa Jamii, na namba 116 ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani.

Fundi_Dumu
Dharura ya kilomita 7: waandikeni bodaboda wawili waaminifu, namba zao ukutani, bei ikubaliwe mapema na bodi ya shule. Mwanafunzi asipakiwe peke yake, mwalimu au matroni aende naye. Michango ya wazazi ombeni Juni au Julai baada ya mavuno, hata debe la mahindi. Februari ghala ni tupu, mtapata lawama tu.